Simba wa kwenye skrini ananguruma kwa sauti ya chui milia

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua niwafikie wanaotengeneza filamu, katuni, matangazo ya redio na video za muziki hapa Afrika Mashariki, pamoja na wenzako wa dawati la picha. Simba wanaotuonyesha siku hizi si simba wa huku. Ni simba aliyeungwa vipande vipande kwenye studio za Marekani: sauti ya mnyama mwingine, manyoya ya bustani ya wanyama, tabia za mfalme wa hadithi za Ulaya. Mafundi wetu wanampakua mzima mzima kutoka intaneti na kumbandika kwenye kazi zao. Tanzania ina simba wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na bado tangazo la redio la sekunde 30 linalorekodiwa Dar es Salaam linamwazima simba wa Hollywood.

Sauti ndipo palipoharibika zaidi. Mngurumo uliozoeleka kuliko yote ni ule wa simba wa nembo ya kampuni ya filamu ya MGM. Simba wa kwanza wa nembo hiyo, Slats, alizaliwa kwenye bustani ya wanyama ya Dublin mwaka 1919, na enzi zake filamu zilikuwa bubu. Aliyesikika kwanza ni Jackie, mwaka 1928. Leo, ambaye ndiye wengi wanaomjua, alianza kutumika 1957, ila sauti inayotoka anapofungua kinywa si yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fundi sauti Mark Mangini aliutengeneza upya mngurumo ule, na malighafi yake ilikuwa sauti za chui milia. Sababu aliitaja mwenyewe: simba hatoi sauti kali ya aina ile. Katika katuni ya Disney ya 1994 kuhusu ufalme wa simba, baadhi ya ngurumo zilitolewa na binadamu, mwigizaji wa sauti Frank Welker, akiwa ameelekeza mdomo ndani ya pipa la chuma la taka. Faili nyingi zenye jina la simba kwenye maktaba za sauti za bure zina harufu ya ukoo huo huo: mfoko mfupi wa sekunde mbili, wenye mkwaruzo mwingi, unaokatika ghafla.

Simba halisi akinguruma hafoki. Huanza na miguno miwili mitatu ya chini, ya kuvuta. Kisha hupanda kwenye ngurumo ndefu, tatu nne hivi, zinazozidi nguvu, halafu hushuka kwenye mfululizo wa miguno mifupi ya haraka inayofifia mpaka anyamaze. Shughuli nzima huchukua kati ya nusu dakika na dakika moja. Shingo hunyooka mbele, kichwa huinama kidogo, mdomo hufunguka nusu tu, na ubavu huingia ndani kila anaposukuma pumzi. Anaweza kufanya hivyo amesimama, anatembea, au amelala chini kabisa. Na hufanya hivyo zaidi baada ya jua kuzama na kabla ya kupambazuka. Kwa hiyo yule simba wa matangazo anayesimama juu ya jiwe saa sita mchana, meno yote nje, akinguruma kuelekea kamera, hayupo popote.

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya koo za simba na chui milia. Mikunjo ya sauti ya wanyama hawa imebapa, na ndani yake kuna tabaka la mafuta, hivyo hutikisika kwa urahisi hata kwa msukumo mdogo wa pumzi. Sauti inayotoka ni kubwa, karibu desibeli 114 kwa umbali wa mita moja, lakini iko chini sana: msingi wake unacheza kati ya Hz 40 na Hz 200, yaani mitikisiko 40 hadi 200 kwa sekunde. Hapo ndipo fundi sauti wetu anapokwama. Spika ya simu haina uwezo wa maana chini ya Hz 200, na wasikilizaji wetu wengi wanasikiliza kwa simu. Mngurumo wa kweli ukipita kwenye spika ile unabaki pumzi tupu. Ndiyo maana mtu anakimbilia mkwaruzo wa chui milia, ulioko juu zaidi na unaosikika.

Tatizo hilo lina dawa nyepesi. Nakili mngurumo wa kweli kwenye traki ya pili. Hiyo ya pili ikwaruze kidogo kwa programu yoyote ya kuongeza joto la sauti ili izae mawimbi ya juu, ondoa kila kilicho chini ya Hz 200, kisha ichanganye chini ya traki ya kwanza, karibu desibeli 10 pungufu. Sikio likisikia mawimbi ya juu yenye mpangilio sahihi hujaza lenyewe besi iliyokosekana. Kwenye redio ya gari na kwenye ukumbi wa sinema traki ya kwanza itafanya kazi yake. Kwenye simu itabebwa na ya pili. Kosa la kawaida ni kupandisha besi kwa nguvu kwenye faili lenyewe: spika ndogo inaanza kupasuka na mngurumo hausikiki.

Kama simba yuko mbali kwenye simulizi, usipunguze sauti tu. Mngurumo husafiri hadi kilomita 8 usiku mtulivu, na njiani hewa na majani hula mawimbi ya juu kwanza. Kata kila kilicho juu ya Hz 500 hivi, acha besi, ongeza mwangwi mchache. Miguno ya mwanzo na ya mwisho iache ipotee kabisa, maana kwa umbali huo zinazofika ni zile ngurumo za katikati.

Anayetaka kurekodi mwenyewe hahitaji mitambo ya mamilioni. Kambi za wazi za Seronera, ndani ya Serengeti, hazina uzio, na kati ya saa 10 na saa 12 alfajiri simba husikika mara kwa mara bila mtu kutoka hata kitandani. Kinasa sauti cha kawaida cha mkononi kinatosha, kikiwekwa biti 24 na kHz 96, ili hata ukiishusha sauti baadaye isifanye ukungu. Kabla ya yote, zima kichujio cha besi. Vinasa vingi vinakuja na kitufe hicho, na watu wamezoea kukiacha kimewashwa ili kuzuia upepo. Kikikata kila kitu chini ya Hz 80 au 100, nusu ya simba inabaki kambini. Upepo uzuiwe na kifuniko cha manyoya juu ya maiki. Kiwango kiache chini, vilele visizidi desibeli -12, kwa sababu miguno ya kwanza ni midogo na itakushawishi upandishe, kisha mngurumo wa tatu unakuja na kupasua rekodi yote. Maiki isiguse bodi ya gari. Bodi hukusanya kila mtikisiko. Na jenereta ya jirani iulizwe inazimwa saa ngapi.

Jambo moja lisifanyike kwa hali yoyote: kupiga rekodi ya mngurumo kwa spika ukiwa hifadhini ili "kuwaita" simba mbele ya kamera. Mtafiti Karen McComb na wenzake walionyesha huko Serengeti miaka ya 1990 kwamba simba jike husikiliza sauti za wageni na kupima wako wangapi kabla ya kuamua kuwasogelea au kukaa kimya, na kwamba jike mwenye watoto hutofautisha dume la kundi lake na dume geni kwa mngurumo tu. Dume geni kwake maana yake ni watoto kuuawa. Video ya nusu dakika inaweza kulihamisha kundi zima lenye vichanga usiku huo huo.

Sasa nije Tsavo, maana hiyo ndiyo hadithi ya simba iliyopigwa filamu kwa nguvu zaidi kutoka eneo letu, na ndiyo iliyopotoshwa zaidi. Mwaka 1898 reli ya kutoka Mombasa kwenda Uganda ilifika mto Tsavo. Mwingereza J. H. Patterson alifika Machi mwaka huo kusimamia ujenzi wa daraja. Simba madume wawili walikuwa wakiingia kambini usiku na kuchukua watu kwenye mahema. Mmoja wa walioitwa kwa majina kwenye kitabu cha Patterson ni jemadari Ungan Singh, Singasinga, aliyekamatwa kooni akiwa amelala. Vibarua walijizungushia maboma ya miiba, simba wakapenya. Ujenzi ukasimama. Patterson aliua wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29.

Mwaka 1952 Hollywood iliitumia habari hiyo kwa filamu ya kwanza ndefu ya Kimarekani ya rangi na ya miwani ya 3D, na tangazo lake likaahidi kumweka simba mapajani kwa mtazamaji. Mwaka 1996 ikaja nyingine, kubwa zaidi, ikiwa na Val Kilmer na Michael Douglas. Ilipigwa Afrika Kusini. Mwindaji wa Kimarekani anayechezwa na Douglas hakuwahi kuwepo. Patterson aliwaua wote wawili mwenyewe. Simba wakuu walikuwa wawili wa kufugwa kutoka bustani ya wanyama ya Bowmanville, Kanada, wenye manyoya mazito ya shingoni. Simba wa Tsavo hawakuwa na manyoya hayo. Madume wengi wa ukanda ule hata leo wana manyoya machache au hawana kabisa, kwa joto na vichaka vya miiba. Simba anayelelewa nchi ya baridi huota manyoya mengi. Watayarishaji waliweza kupata simba waliofunzwa kwa kazi, na simba waliofunzwa wana manyoya. Hivyo tu. Lakini tangu hapo kila mchoro wa Tsavo kwenye jalada au bango unamchora simba wa Kanada.

Ngozi zenyewe zipo, na mtu anaweza kuziona. Patterson alizitumia kama mazulia kwa miaka ipatayo 25, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000. Zilipojazwa zilikuwa zimekatwa na kuchakaa, ndiyo maana wanyama wanaoonekana pale ni wadogo kuliko walivyokuwa. Simba wa kwanza alipimwa mita 2.95 kutoka puani hadi ncha ya mkia.

Idadi ya waliokufa nayo imevimba. Kumbukumbu za reli zilitaja vibarua 28 wa Kihindi, bila kuwahesabu Waafrika vizuri. Patterson baadaye alisema 135, na namba hiyo ndiyo inayopendwa na mabango. Mwaka 2009 watafiti walipima kemikali kwenye mifupa na manyoya ya simba hao, ambazo hubeba alama ya chakula cha mnyama, wakakadiria watu wapatao 35 kwa wote wawili, mmoja akiwa amekula wengi kuliko mwenzake. Mwaka 2024 utafiti mwingine ulichambua vinasaba vya nywele zilizonasa kwenye mashimo ya meno yao: kulikuwa na twiga, choroa, kuro, nyumbu, punda milia, na binadamu. Mmoja alikuwa amevunjika jino la chonge, na kwenye mzizi wake kulikuwa na usaha. Sotoka ilikuwa imekwisha fagia ng'ombe na nyati miaka michache nyuma, na njia ile ya misafara ilikuwa na maiti za wapagazi na watumwa kwa miongo mingi. Mwandishi wa muswada ana jino bovu, njaa na njia ya watumwa mkononi, na anaviacha vyote ili aandike mapepo.

Kwa mafundi wa mapambo ya jukwaa, mtego wa Patterson umeelezwa vizuri kiasi cha kuweza kujengwa tena: mataruma ya mbao, vipande vya reli ya toroli, waya wa telegrafu na mnyororo mzito, ukiwa na vyumba viwili vilivyotengwa kwa nondo za reli, cha nyuma kikiwa cha watu wenye bunduki kama chambo. Simba aliingia kweli. Askari waliokuwa ndani walifyatua risasi hatua chache kutoka kwake, wakamkosa, na risasi moja ikavunja nondo ya mlango, simba akatoka. Hakuna haja ya kuongeza chumvi hapo.

Tena hatuhitaji kurudi 1898. Watafiti wa simba Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao walikusanya taarifa za Tanzania kati ya 1990 na 2004: watu zaidi ya 563 waliuawa na simba na wasiopungua 308 kujeruhiwa, wengi wao kusini mashariki, Lindi, Mtwara na Rufiji. Chanzo hakikuwa simba "mwovu". Mahali ambapo wanyama wengine wamekwisha, nguruwe pori hubaki, hufuata mahindi na mihogo, na simba hufuata nguruwe. Mkulima naye, akilinda shamba wakati wa mavuno, analala kwenye dungu la miti na nyasi katikati ya shamba. Rufiji, simba mmoja kijana aliyeuawa Aprili 2004 alikuwa ameua watu zaidi ya 30; naye alikutwa na jipu kwenye jino. Sijaona tamthilia hata moja ya Kiswahili iliyomweka mtu kwenye dungu. Wote wanakimbilia hoteli ya kitalii na Mzungu mwenye bunduki.

Na hapa kuna kosa la taa ambalo kila mpiga picha analifanya. Simba wa kutisha kwenye filamu huja usiku wa mwezi mpevu, mbalamwezi ikimulika mgongo wake. Utafiti wa Packer na wenzake uliochapishwa 2011, uliopitia mashambulizi ya miaka mingi huko kusini, uligundua kinyume chake. Usiku wa mwezi mpevu ndio salama zaidi. Hatari hupanda siku zinazofuata, mara mbili hadi nne ya ilivyokuwa kabla ya mwezi kujaa, kwa siku kama kumi. Mwezi ukishapevuka huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50 kila siku. Siku mbili tatu baadaye kuna zaidi ya saa moja na nusu ya giza totoro baada ya magharibi, na saa hizo watu bado wako nje: wanapika, wanaenda chooni, wanatoka kwa jirani. Simba naye amekaa usiku kadhaa wa mwanga bila kupata windo la maana. Kwa mwandishi wa muswada hiyo ni zawadi. Mweke mhusika siku ya tatu baada ya mwezi mpevu, saa moja na nusu usiku, na kibatari. Mwezi uchomoze baadaye, tukio likiwa limekwisha.

Chui milia nao wana habari ya jino. Jim Corbett, mwindaji aliyejulikana kwa kuwaua chui milia wala watu kaskazini mwa India, alihamia Nyeri mwaka 1947 na kuzikwa huko 1955. Jike la Champawat aliloliua 1907, linalohesabiwa kuua watu 436, lilikuwa na meno mawili ya chonge yaliyovunjika upande wa kulia kwa jeraha la zamani la risasi. Wale wa hadithi za kubuni wanakuwa wabaya kwa hulka. Wa kweli, mara nyingi, walishaumizwa na mtu.

Wapo vijana wanaouliza kwa nini tusitumie simba hai, maana tunao. Jibu fupi ni filamu ya Kimarekani ya 1981 iitwayo Roar. Familia ya mwigizaji Tippi Hedren na mumewe Noel Marshall walikaa na simba, chui milia na paka wengine wakubwa zaidi ya 100 nyumbani California, wakapiga picha kwa takriban miaka mitano. Watu zaidi ya 70 waliumia. Mpiga picha Jan de Bont alichanwa ngozi ya kichwa. Binti wa Hedren, Melanie Griffith, alihitaji upasuaji wa uso. Filamu iligharimu dola milioni 17 na ikaingiza kama milioni 2. Hapa kwetu, filamu ya 1966 kuhusu Elsa, simba wa George na Joy Adamson, ilipigwa Naro Moru kwa kutumia simba kadhaa wa kufugwa. Baadaye watatu wakapewa Adamson awarudishe porini. Mmoja wao, Boy, alimuua msaidizi wa Adamson mwaka 1971, na Adamson akampiga risasi. Simba aliyelelewa kwa chupa hapotezi nguvu, anapoteza woga tu, na asiye na woga wa watu ndiye hatari zaidi.

Hata kwa wenye wakufunzi, kazi yenyewe ni ndogo kuliko inavyoonekana. Simba hulala hadi saa 20 kwa siku. Anafundishwa kufika mahali palipowekwa alama na kupewa kipande cha nyama kwenye fimbo. Akifungua kinywa kuipokea, huo ndio "mngurumo" wako, sauti inawekwa baadaye. Akishiba, kazi imekwisha. Mtoto akikimbia nyuma ya kamera, macho yote yanamfuata. Mwigizaji hayupo karibu hata kidogo: kamera inafungwa kwenye tripodi, anapigwa simba peke yake, kisha simba anaondolewa na mwigizaji anapigwa kwa fremu ile ile, halafu vipande viwili vinaunganishwa kwenye mstari ambao hakuna anayeuvuka, kama ukingo wa jiwe au shina la mbuyu. Njia hiyo inafaa hata kwa simba uliyempiga hifadhini kihalali ukiwa ndani ya gari. Huharibika kwa mambo matatu: tripodi ikiguswa, vivuli visipolingana kwa sababu saa zimepita, na nyasi zikicheza juu ya mstari wa kuungia. La nyasi linaua kazi nyingi. Chagua mstari ulio kwenye mwamba au udongo mtupu. Kibali cha bodi ya filamu na cha mamlaka ya hifadhi vyote viwili vinahitajika. Kimoja hakifuti kingine.

Kompyuta imewaondolea wengi mzigo huo. Katika filamu ya 2012 ya kijana na chui milia kwenye mashua, mnyama unayemwona muda mwingi ni wa kompyuta, na wale chui milia wanne wa kweli walitumika kwa baadhi ya picha na kama kielelezo cha misuli na mwendo. Toleo la 2019 la katuni ya Disney lina picha moja tu iliyopigwa kwa kamera halisi, jua likichomoza mwanzoni. Wenzetu wa katuni za bei nafuu hawawezi kushindana kwa idadi ya nywele, lakini wanaweza kuwashinda kwa uchunguzi. Mboni ya jicho la simba na la chui milia ni ya duara, si mstari wima wa paka wa nyumbani. Karibu kila katuni ya huku inakosea hapo. Simba akitembea polepole, mfupa wa bega hupanda juu ya mstari wa mgongo kwa kila hatua, na mguu wa nyuma hukanyaga karibu na alipotoa wa mbele upande ule ule. Wachoraji wengi humpa mwendo wa mbwa. Nyayo zina vidole vinne bila alama ya kucha. Watoto wana madoa. Dume huanza kuota manyoya ya shingoni kabla ya miaka miwili na kukamilika akiwa na miaka minne hadi mitano.

Kuhusu hadithi yenyewe, kijana wa kiume harithi kundi la baba yake. Kabla au punde baada ya kufikisha miaka mitatu hufukuzwa, huzurura na ndugu zake, kisha hupigania kundi la wageni. Majike ndio wenye nchi: mama, dada na mabinti hubaki, madume huja na kupita, mara nyingi baada ya miaka miwili mitatu tu. Mtu anayetaka kuandika tamthilia ya ukoo, yenye shangazi, wajomba wa kupita na ardhi ya mama, ameandaliwa kila kitu na sayansi, wala haijawahi kuchezwa.

Nimalizie na dawati lako la picha, Mhariri. Picha nyingi zinazochapishwa kama simba "anayenguruma" ni simba anayepiga miayo: macho yamefumba, ulimi umejikunja, masikio yamerudi nyuma. Nyingine ni simba wa Gir, India, anayeuzwa kama wa Serengeti; mtambue kwa ngozi inayoning'inia katikati ya tumbo na manyoya machache juu ya kichwa yanayoacha masikio wazi. Picha zinazotengenezwa na programu za akili bandia hupenda kumpa simba wa Mikumi milia hafifu ubavuni na kumweka chui milia chini ya mgunga. Kosa hilo lina zaidi ya miaka mia: hadithi ya Tarzan ilipotoka mara ya kwanza jaridani mwaka 1912 ilikuwa na chui milia ndani ya msitu wa Afrika, na kitabu kilipotoka 1914 mnyama huyo akawa simba jike. Nyuma ya sikio la chui milia kuna doa jeupe, nyuma ya sikio la simba ni peusi. Ukivuta picha karibu utaona, na hata programu huwa haikumbuki kupabadilisha hapo. Picha ya aina hiyo irudishwe kwa aliyeileta kabla haijafika kiwandani.

Msomaji wenu,
Arusha